Ndimu Juu ya Hina

Saumu, mjukuu wa dada yangu, alikuja kwangu Ijumaa baada ya swala, uso umemvimba kwa kulia. Hajamaliza hata mwezi tangu aajiriwe londri ya hoteli moja kule Diani. Amesomea mambo ya hoteli, ana cheti chake, mamake amekitia fremu na kukitundika ukutani juu ya televisheni. Shikamoo yenyewe aliitoa nusu.

"Bibi, wale watu wana roho mbaya. Nikikaribia mashine, kuna mama mmoja anakuja kusimama mbele yangu. Nikiuliza sabuni yatiwa kiasi gani, naambiwa 'utajua tu'. Nikienda chai nikirudi, kazi imekwisha. Wananificha kazi, bibi!"

Nilicheka. Nilicheka mpaka akakasirika, akataka kuondoka. Nikamwambia, "Keti, mwanangu. Sikucheki wewe. Nacheka kwa kuwa mimi nilipoondoka kule nilidhani mchezo huo umekufa, kumbe wenye nao wako hai na wanakula mshahara."

Basi niliyomwambia Saumu siku ile nawaambia na nyinyi wengine, mnaoingia mahoteli, maofisi, mahospitali, popote penye watu wengi na bosi mmoja. Mimi ni Mwanasiti, mtu wa Bodo. Kazini waliniita Siti. Nilifua nguo za wageni tangu usichana wangu mpaka magoti yaliposema basi, na hoteli yenyewe siitaji, maana haina kosa la kunifanya niitaje, na watu wake wengi bado wako.

Londri yetu ilikuwa nyuma ya jiko, ukipita jenereta. Wageni walikuwa wakiitazama bahari. Sisi tuliijua bahari kwa mchanga uliobaki kwenye taulo. Ndani kulikuwa na joto la pasi na mvuke, na kelele za mashine, mpaka mtu ukirudi nyumbani unazungumza kwa kupiga kelele na watu wanadhani umegombana. Maji yalikuwa ya kisima, ya chumvichumvi, sabuni haitoi povu. Fundi aliyezoea kufulia maji matamu akiletwa pale, siku ya kwanza hulia.

Sasa sikilizeni jambo moja, kwa sababu yote yajayo mbele yanatoka hapo. Kila mwaka, masika yakikaribia na wageni wakianza kurudi kwao, hoteli huingia ile miezi mikavu ya wageni, ingawa ni mibichi ya mvua, ambayo sisi tuliiita lo sizoni. Wafanyakazi wengi hupelekwa nyumbani bila mshahara mpaka Julai. Wachache hubaki. Nani abaki? Meneja wetu, Bwana Mutiso, alikuwa na njia yake ya kuchagua. Alikuja mwenyewe mpaka mlango wa londri, mtu mrefu, mpole, hasogei ndani kwa sababu mvuke ulimziba miwani, akasimama hapo na kuuliza:

"Haya, jamaa zangu. Ni nani hapa ambaye kazi yake haiwezi kufanywa na mtu mwingine?"

Ni hilo tu. Mwenye kuinua mkono na kuthibitisha, hubaki. Wengine, kwaheri ya kuonana.

Mwaona alivyokuwa mwerevu? Na mwaona alivyotufanya? Mtu akijua kwamba swali hilo laja kila mwaka, atamfundisha mwenzake kazi, ana wazimu? Kila mmoja alikuwa na kitu chake amekikalia kama kuku na yai.

Kombo, kijana wa Gazi aliyekuwa akiendesha mashine, alikuwa akizichukua sabuni na dawa zote zikija, anazimimina kwenye mitungi isiyo na maandishi. Kuchanganya huchanganya ametupa mgongo, huku akiimba kaswida, ili hata kuhesabu vikombe usiweze. Na mashine ya pili ilikuwa haizunguki mpaka ipigwe teke mahali pake. Kombo alikuwa akitutoa nje kwanza. "Ebu nipisheni kidogo," asema, mlango wafungwa, twasikia kishindo, puu! kisha mashine yalia. Atoka akijifuta jasho kama daktari. Siku moja yeye mwenyewe alisahau mtungi upi una nini. Taulo za bwawa la kuogelea, zile za buluu, zilitoka na mabaka meupe kama ng'ombe wa Kinango. Alipoulizwa, akasema ni mtindo mpya. Na jamani, walimwamini! Wageni wakazipiga picha.

Lakini malkia wa kuficha alikuwa Mejumaa.

Da Mejumaa alikuwa mtu wa Msambweni, mjane, mfupi, mdomo mkali, leso hazimtoki kiunoni hata akiwa na sare ya kazi. Yeye kazi yake madoa. Doa lolote lililotushinda lilipelekwa kwake, na lilirudi halipo. Alilichukua shuka, akaenda nalo nyuma ya vyumba vya wafanyakazi, na ole wako umfuate. Kila mwaka Bwana Mutiso akiuliza swali lake, mkono wa Da Mejumaa ulikuwa wa kwanza juu, tena hauthibitishi kitu. Anauinua tu, na meneja anasema, "Wewe najua."

Mimi niliwekwa niwe msaidizi wake. Msaidizi! Nilikuwa nikibeba karai. Nikiuliza, hunijibu nusu. Siku moja shuka lilikuwa na kutu ya kitanda, nikamwona akakata ndimu, akatia chumvi, akasugua, akaliweka juani, kutu ikaondoka. Nikamwuliza, "Da Mejumaa, kumbe ndimu hutoa doa?" Akaniambia, "Ndimu hutoa doa." Hakusema doa gani.

Nusu ya elimu ni mbaya kuliko ujinga mzima, wanangu, kwa sababu mjinga angalau huogopa.

Basi ikaja harusi. Mwazijua harusi za wazungu pale ufukweni, viti vyeupe, viatu mkononi. Bibi harusi yule alikuwa amepakwa hina mikono yote na wale kina mama wa pwani, na kabla haijakauka, yeye kwa furaha zake akalikumbatia gauni lake. Gauni jeupe la pamba. Harusi kesho yake jioni. Likaletwa londri, na Da Mejumaa siku hiyo alikuwa bado hajafika.

Nami nikasema, Siti, leo ndiyo siku yako. Nikachukua ndimu.

Saumu nilipofika hapo alishika mdomo. Ndiyo, mwanangu, shika mdomo. Mimi, mtoto wa Bodo, niliyekaa na kungwi tangu sijabaleghe, niliyezikamua ndimu mwenyewe kwenye bakuli la hina ili maharusi wakolee mikono! Hakuna mwanamke wa pwani asiyejua kwamba ndimu ndiyo huipa hina rangi. Lakini nilipovaa ile sare nilikuwa kama nimeacha akili ya nyumbani kwenye ndoano mlangoni. Kazini nilikuwa nimeambiwa ndimu hutoa doa, nami nikasugua. Lililokuwa doa la rangi ya chungwa likaiva mbele ya macho yangu, likawa jekundu, likakaa kama limeolewa pale.

Da Mejumaa alipofika, aliniangalia, akaliangalia gauni, akaangalia kile kipande cha ndimu. Nilingoja kofi. Badala yake alinituma niende kantini nikamletee chai, kisha nimletee na mandazi, kisha nirudi nikamwulize mpishi kama kuna ukwaju. Ukwaju wa nini? Wa kuniweka mbali. Jioni gauni lilikuwa jeupe. Bibi harusi alilia kwa furaha, na mimi nililia nyuma ya jenereta kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimekosea, nimeokolewa, na bado sikujua kitu. Niliona tu, nilipolikunja gauni lile, unyasi mmoja mbichi umenasa kwenye pindo.

Tulikaa hivyo, yeye akificha na mimi nikichungulia, mpaka akaanza kukonda.

Mwanzoni nilidhani ni saumu za Sita, zile za baada ya Ramadhani. Kisha nikaona anafunga leso tumboni, anaikaza sana, na akiinua karai lazima ashike ukuta kwanza. Nikamwuliza, "Da Mejumaa, tumbo lina nini?"

"Tumbo ni langu."

Nikambebea karai. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na siku moja pale bombani miguu ilimwisha, akaketi chini kwenye maji, sare ikarowa, wala hakujali. Nikaketi naye. Hapo ndipo aliponiambia. Ana uvimbe tumboni. Daktari amesema upasuliwe haraka, damu inampotea kila mwezi, akichelewa huenda asiamke.

"Sasa wangoja nini, dada yangu?"

"Nangoja swali lipite."

Sikumwelewa. Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtoto.

"Siti, masika hayo yaja. Nikienda sasa, Mutiso akija kuuliza atanikosa. Asiyekuwapo hainui mkono. Kazi yangu atapewa mwingine, na akishapewa ndiyo nimekwisha, kwa sababu wa kwanza kutolewa mwaka ujao ni yule aliyewahi kutolewa. Nikingoja lipite, nabaki, kisha ndiyo naenda kupasuliwa nikiwa mtu wa lazima."

"Na damu?"

"Damu ni yangu. Na wale watoto walio shuleni pia ni wangu."

Nilikasirika, wallahi. Nilimkasirikia yeye, na Mutiso, na mvua ambayo bado haijanyesha. Mtu yuko radhi afe na siri ya doa la hina moyoni! Lakini nilipokwenda kulala niliigeuza ile hasira nikaona haina pa kukaa. Mwanamke huyu hakuwa mchoyo. Nyumbani kwake Msambweni alikuwa akigawa hata mboga ya mwisho. Alikuwa mwoga, na woga wake ulikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa ikija kila mwaka kusimama mlangoni na miwani yake.

Kesho yake nikamwambia, "Nifundishe. Nitakushikia kazi mpaka upone, ukirudi uichukue."

Alicheka kicheko kikavu. "Kila mtu husema hivyo akiwa hana kitu."

"Nitaapa."

"Usiape. Watu huapa." Akafuta mikono kwenye leso. "Nikikupa kazi hii, Siti, utanirudishia?"

"Nitakurudishia."

Alingoja mashine ya Kombo imalize kuzunguka. Kisha akasema, "Chukua hilo karai. Nifuate."

Ndipo nilipoingia nyuma ya vyumba vya wafanyakazi kwa mara ya kwanza. Nilitarajia chupa, dawa za kutoka Mombasa, labda hirizi. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na nyasi! Nyasi fupi, nene, zenye umande, na pipa lililokinga maji ya mvua kutoka paani.

"Hii ndiyo siri," akasema. "Sasa cheka."

Sikucheka. Alinionyesha. Doa la hina halitaki moto, halitaki pasi, halitaki ndimu, "na hilo la ndimu wewe walijua kuliko mimi." Lataka maji ya mvua yaliyo baridi, kwa kuwa yale ya kisima huligandisha, na sabuni ya mche, kidogo, usugue kwa kiganja usisugue kwa kucha. Kisha shuka lilale juu ya nyasi mbichi, likiwa limerowa, jua la asubuhi lilipige. Likitaka kukauka, linyunyizie maji. Likitaka kukauka tena, nyunyiza tena. Usichoke, usiondoke ukaenda kupiga domo. "Kwenye kamba jua hukausha," akaniambia. "Kwenye nyasi jua hufanya kazi." Mpaka leo sijui ni kwa nini, Saumu alisema kuna sababu yake ya kisayansi akanieleza, nikaitikia tu.

Akanipa na mengine. Damu, maji baridi na chumvi, ukitia ya moto umeipika. Yale mafuta ya kujipaka wageni wanapoota jua, usiyatie klorini hata siku moja, yatageuka manjano ya kudumu. Anza na sabuni ya vyombo, pakavu, kabla maji hayajagusa. Na piko, lile jeusi la kuchora, likishakauka juu ya shuka usijisumbue. Soma innalillahi, likate liwe vitambaa vya kufutia vioo.

Alinifundisha akiwa ameketi juu ya karai lililopinduliwa, ananielekeza kwa kidole, ananitukana nikikosea. Siku nilipolitoa doa la kwanza peke yangu aliligeuzageuza shuka lile, akalinusa, akasema, "Umekuwa mimi." Nilifurahi. Lakini yeye hakufurahi. Nilimwona akiyaangalia yale maji kwenye pipa kama mtu aliyetoa kitu asichokuwa na uhakika nacho.

Juma lililofuata alikwenda kupasuliwa. Na kama alivyosema, swali lilimkuta kitandani.

Bwana Mutiso alikuja asubuhi. Safari hii hakusimama mlangoni, aliingia ndani, na mkononi alikuwa na shuka. Alilikunjua juu ya meza ya pasi. Katikati palikuwa na kiganja kizima cha hina, vidole vyote, mgeni alilala nayo mbichi, ungaunga wake bado umeshika kwenye kitambaa.

"Siti," akasema, "nimesikia Mejumaa amekufundisha kazi yake. Ni vizuri. Hili doa nataka ulitoe. Ukilitoa, msimu huu utabaki wewe."

"Na Da Mejumaa, bwana?"

"Mgonjwa tumwache apumzike. Akipona, tutaona."

Nyinyi mtakaoajiriwa, lijueni neno tutaona. Ni hapana iliyovalishwa nguo za Iddi.

Sitawadanganya kwamba sikuitaka nafasi ile. Niliitaka sana. Mamangu alikuwa mzima bado na mdomo wa kula, na paa letu lilikuwa likivuja. Miaka yote nilikuwa naondoka na wale wa kwaheri ya kuonana, na leo meneja mwenyewe ananiita kwa jina. Doa lenyewe lilikuwa jepesi! Pipa limejaa, nyasi ziko pale, jua liko juu. Mikono yangu ilikuwa ishaanza kwenda. Nikamwona moyoni Da Mejumaa juu ya karai lake, akisema usiape.

Nikaenda kwenye bakuli la ndimu za kutolea kutu. Nikachukua ndimu.

Pasi zote zikasimama. Pale ndani tulikuwa watu wa Gazi, wa Bodo, wa Kibuyuni, wa Tiwi. Wanawake wenye hina kwenye kucha zao hapo walipo. Niliikata ndimu, nikaikamua juu ya kile kiganja, nikaanza kusugua. Mama mmoja alishikwa na kikohozi. Mwingine alijifunika uso kwa taulo. Doa likaanza kukolea, kidole kwa kidole, uzuri wake ungempendeza bibi harusi yeyote.

Nikainua macho, nikakutana na ya Kombo. Nikadhani, huyu atasema. Kombo alikuwa na ulimi, na alikuwa na sababu: mimi nikitoka, huenda abaki yeye. Alikuja taratibu mpaka mezani, akatia mkono ndani ya lile bakuli.

"Siti," akasema, sauti ya mtu mwenye huzuni, "ndimu moja haitoshi. Chukua na hii."

Nilikamua na hiyo. Hata pasi niliipitisha, iive vizuri.

"Bwana," nikasema, "nimejaribu. Kazi hii aijua Da Mejumaa peke yake."

Bwana Mutiso alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akakitazama kile kiganja chekundu kwa muda. "Basi Mejumaa atabaki mahali pake. Mwambieni akipona aje. Na wewe, Siti, utakwenda nyumbani mpaka Julai."

"Ahsante, bwana," nikamjibu. Na nilikuwa nashukuru kweli.

Masika yale nilishona makuti Bodo mpaka vidole vikapasuka. Paa letu wenyewe, la haula, liliendelea kuvuja.

Mwaka uliofuata Bwana Mutiso alikuja mlangoni kama kawaida yake, sote tukakaza roho. Hakuuliza lile swali. Alisema lo sizoni hii kila mtu ataenda nyumbani kwa zamu, muda mfupi, hakuna atakayekwenda moja kwa moja. Ila anayeondoka lazima awe amemwachia mwenzake kazi yake yote, bila kubakisha. Sisi tulilijua jambo hilo. Kwetu ni mweria, leo twalima kwako, kesho kwangu. Kombo aliandika majina kwenye mitungi yake siku hiyohiyo, na ile mashine ya pili tukajifunza sote kuipiga teke, mpaka ikatengenezwa kwa kuhurumiwa.

Sikujua kwa nini alibadilika. Nilikuja kujua siku ya chai yangu ya kuagwa, naye kichwa kimeshakuwa cheupe. Aliniketisha kando, akanimiminia chai mwenyewe.

"Siti, wajua mke wangu ni mtu wa Likoni?"

"Sijui, bwana."

"Siku ya harusi yetu niliwasikia wanawake ndani wakipiga kelele, leteni ndimu, leteni ndimu, hina haijakolea."

Nilikiweka kikombe chini. "Kwa hivyo ulijua?"

"Nilijua kabla hujaikata."

"Mbona basi hukusema?"

"Niliwaangalia watu wote wale, kila mmoja aijua ndimu, na hakuna aliyefungua mdomo. Nikasema, watu wanaoweza kuficha kitu pamoja namna hii, mimi ndiye niliyewafundisha kufichana." Akanywa chai yake. "Niliona haya, Siti."

Lakini nimeruka jambo, na ndilo kubwa kuliko yote.

Da Mejumaa alipona, alhamdulillahi, akarudi kazini masika yaleyale, mvua zikingali zanyesha. Lile shuka lilikuwa bado pembeni, limekunjwa. Kombo alinisimulia kwamba alilikunjua, akapiga ukelele uliosikika jikoni: "Ni mjinga gani huyu aliyetia ndimu juu ya hina?"

Kombo akamwambia, "Ni Siti."

Aliketi chini palepale kwenye sakafu, na kovu lake bichi, shuka mapajani. Walidhani kidonda kimefunguka. Alikuwa analia.

Hakulifua. Aliliweka mpaka Julai niliporudi. Asubuhi ile hata salamu hatukumaliza. Alilichukua lile shuka, akasimama katikati ya londri, akapaza sauti, "Kombo, zima mashine. Njooni nyote." Akatutangulia nyuma ya vyumba vya wafanyakazi, mahali ambapo miaka yote hakuna aliyethubutu kufuata, akalitandaza juu ya nyasi, akasema, "Tazameni vizuri, sitaki mtu aje kuniuliza mara mbili." Akatufundisha wote, akitutukana mmoja mmoja.

Doa halikutoka lote. Lilikuwa limekaa sana, na ndimu mbili na pasi si mchezo. Kilibaki kiganja kimefifia, rangi ya chai ya maziwa. Haliwezi kurudi chumbani shuka namna hiyo. Tulilitumia kufunikia nguo zilizopigwa pasi, na nilipostaafu lilikuwa bado lafanya kazi.

Saumu alijipangusa uso kwa mtandio. Kisha akaniuliza, "Bibi, sasa yule mama anayekuja kusimama mbele ya mashine, Jumatatu nimwulize nini?"

"Usimwulize habari ya sabuni," nikamwambia. "Mwamkie vizuri, kisha mwulize mvua zikianza atakuwa wapi, na ni nani atakayemshikia mahali pake."